Ukingo Uliopigwa Moto

Watu wakisikia neno klorofomu, akili zao zinakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Jambazi anatokea nyuma ya mlango, anambana mtu pua, sekunde mbili, chali. Kila mteja aliyeingia karakanani kwetu, akiambiwa kilichomo kwenye chupa, lazima aruke nyuma na kusema, "Usije ukanilaza hapa, nina watoto wa kulea." Miaka kumi na tisa nimeusikia utani huo, na miaka kumi na tisa nimeucheka, maana mteja anayecheka haendi kwa fundi mwingine. Nilikuwa pia na hadithi yangu ya kuwapa: kwamba siku moja paka wa jirani alipita juu ya meza, akanusa kizibo, akalala mpaka kesho yake mchana. Uongo mtupu, lakini walikuwa wanaipenda.

Sisi hatulazi watu. Sisi tunaungia vitu. Karakana ya Baba inatengeneza vitu vya akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo: masanduku ya kupigia kura, vibao vya majina ya maofisini, makabati ya kuonyeshea simu, ngao za washindi wa michezo ya shule. Unakata vipande, unavisimamisha mpaka vigusane sawasawa, unavuta klorofomu kidogo kwenye bomba la sindano, unaipitisha taratibu kwenye mshono. Inakimbia yenyewe mpaka mwisho. Inayeyusha kidogo kingo zote mbili, halafu inaruka hewani, na vipande viwili vinakuwa kimoja. Si gundi. Gundi inakaa katikati ya vitu viwili, hii inaondoka zake. Kwetu tunaiita dawa tu.

Mwenye sindano karakanani ni mimi. Baba alinikabidhi nikiwa na miaka ishirini na miwili, mkono wake ulipoanza kutetemeka. Tone moja likidondokea pasipotakiwa, basi tena, doa lile halitoki, na ukijitia kulifuta unalitandaza. Vijana wa kiume wanne waliajiriwa, wakaharibu, wakaenda zao. Mimi nikabaki. Na sasa macho ya Baba nayo yalikuwa yanakwenda, tepe ya kupimia anaisogeza mpaka igonge pua, na alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba mwaka huu ukiisha anapumzika, karakana anamwachia mtoto wake. Hakusema mtoto yupi. Hakukuwa na haja ya kusema, maana mtoto wa pili alikuwa mbali na mambo ya misumeno. Niliitaka karakana ile. Sijifichi. Niliitaka kama mtu anavyotaka kitu ambacho tayari anakihesabu kuwa chake.

Halafu mdogo wangu akarudi nyumbani.

Tumepishana miaka kumi na mitatu. Mama alifariki yeye akiwa wa miaka mitatu, mimi nikaacha shule nikashika sufuria, na mgongo wangu huu ndio uliombeba. Nikamwogesha, nikamsuka, nikamfundisha kusoma. Akasoma kweli. Akasoma mpaka chuo kikuu, kemia, akatoka na shahada na joho, na picha ya joho Baba akaitundika juu ya mlango wa karakana, mahali ambapo kila mteja anaiona akiingia. Maabara aliyokuwa anafanyia kazi ikapunguza watu. Akaja na begi moja la nguo na mawili ya vitabu, akanikumbatia, akalia kidogo begani kwangu, nami nikamwambia hapa ni kwako. Nilimaanisha. Siku ya kwanza nilimaanisha.

Siku ya pili Baba akamuuliza, "Eti mama, hii dawa yetu huko chuoni mnaijua?"

Yeye Baba anamwita mama. Mimi ananiita Fundi.

Mdogo wangu akavuta kigoda, akakaa, akaanza. Kwamba jina lenyewe limeunganishwa. Kipande cha mbele ni klorini, ile inayotiwa kwenye maji ya bomba, na cha nyuma kimetokana na sisimizi.

"Sisimizi hawa?" Baba akaonyesha chini.

"Hao hao. Zamani kuna asidi wataalamu waliipata kwa kuwachemsha sisimizi, wakaipa jina la sisimizi katika lugha yao ya kisomi. Waliposhika kitu chenye udugu na ile asidi, wakakiita vivyo hivyo. Kwa hiyo, Baba, miaka yote hii unaungia masanduku ya kura kwa jina la sisimizi."

Baba akacheka. Si kucheka kwa kukohoa kama anavyowachekea wateja. Alicheka akashika mbavu, machozi yakamtoka, akavua miwani. Nilikuwa nimeshika msumeno. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo kwa neno lililotoka kinywani mwangu. Nilijaribu kukumbuka pale pale, nikakosa.

Ikawa ndiyo hadithi ya kila asubuhi. Kwamba hakuna mtu mmoja aliyeigundua klorofomu. Karibu miaka mia mbili iliyopita, watu watatu katika nchi tatu, hakuna aliyejua habari za mwenzake, waliipata karibu wakati mmoja. Mmoja alichemsha pombe kali pamoja na unga wa kung'arishia nguo nyeupe, akapata kitu kitamu, na majirani wakawa wanakuja kuomba waonje. Kwamba miaka kumi na tano au kumi na sita baadaye daktari mmoja aliinusa pamoja na rafiki zake baada ya kula, wote wakaangukia chini ya meza, wakazinduka wakicheka. Tangu hapo daktari yule akaanza kuwanusisha wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na watu wengine wakamjia juu, wakasema uchungu huo umeamriwa na Mungu.

"Wanaume hao waliosema hivyo," Baba akasema.

"Wanaume," mdogo wangu akasema, wakacheka tena wote wawili. "Halafu malkia mmoja akaitumia kujifungulia, na maneno yakaisha. Lakini ilikuwa dawa ya hatari, Baba. Moyo ulikuwa unasimama ghafla. Ndiyo maana hospitalini wameiacha, siku hizi kuna za usalama zaidi."

Mimi dawa hiyo nimeinusa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza inatoka wapi. Wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Chupa yetu ni ya rangi ya kahawia. Nilijua tu kwamba ni ya kahawia, Baba alisema nisiimimine kwenye nyeupe, nami siimimini. Mdogo wangu yeye alijua sababu: mwanga na hewa vinaiharibu taratibu, inageuka kuwa hewa ya sumu, ndiyo maana hata huko kiwandani wanaitia spirti kidogo. Alieleza huku ameishika ile chupa, chupa yangu, anaigeuzageuza. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Kijiba kilinikaa hapa.

Kisha akaja na habari ya feni. Akaiweka dirishani, akaiwasha, akafungua milango yote.

"Zima," nikamwambia. "Upepo unanikaushia mshono."

"Dada, nimeielekeza nje, haipigi mezani. Kichwa kinakuuma kila jioni, unadhani ni uchovu. Si uchovu. Dawa hii inakula ini."

"Ini langu nalo umelisomea?"

Feni akaiacha inazunguka. Nami jioni ile kichwa hakikuniuma, na hilo likaniudhi kuliko kama kingeuma.

Matroni wa wodi ya watoto wachanga akaja Jumatatu. Mama mnene, mcheshi, sauti yake inatangulia mlangoni. Alibeba kifuniko kimoja cha hewa: kisanduku cha akriliki kisicho na chini, kina tundu la mpira wa oksijeni na nafasi ya shingo, kinafunika kichwa cha mtoto aliyezaliwa na shida ya kupumua. Kilikuwa kimepasuka, kimefungwa kwa plasta.

"Ninavyo vitatu, viwili vimepasuka kama hiki," akasema. "Nataka vinane. Vikinipendeza nitawaleta na wa wodi nyingine." Akaiona chupa. "Na hiyo ndiyo yenyewe? Usije ukanilaza hapa, nina watoto arobaini wananisubiri."

Nikatabasamu. Nikaanza, "Siku moja paka wa jirani alipita hapa..."

"Hapana, Matroni, usiogope," mdogo wangu akadakia, kwa adabu zake zote. "Yale ya kitambaa ni ya kwenye filamu. Mtu lazima aivute dakika kadhaa ndipo alale, na ukimzidishia kidogo haamki. Haina ule muujiza. Vifuniko vyenyewe tutaviosha na kuviacha dirishani siku kadhaa, mpaka isibaki hata harufu."

Matroni akamwangalia juu mpaka chini. "Huyu msomi mlikuwa mmemficha wapi?"

"Huyo ni wa kwangu," Baba akasema.

Nikageuka nikajifanya natafuta rula. Kumi na tisa. Mara elfu ngapi nimesimama kwenye meza ile na mteja akasifu mshono, na Baba akasema, "Ndiyo, Fundi wetu hodari"? Fundi wetu. Wa kwangu hakulitamka hata siku moja. Na paka wangu naye nikabaki naye mdomoni, sikumalizia.

Matroni alipoondoka Baba akagawa kazi. Vinne vyangu, vinne vya mdogo wangu. "Naye ashike sindano. Tuone," akasema. Mimi neno "tuone" ndilo lililonimaliza. Tuone nini? Tumeshaona miaka yote hii, au hayo macho yalikuwa yanaona nini? Nikameza, nikasema sawa Baba.

Nilimfundisha. Naapa nilimfundisha vizuri, mtu asije akasema nilimbania. Jumanne nzima nilisimama naye: namna ya kubandua karatasi ya juu bila kukwaruza, namna ya kukwangua ukingo kwa kisu mpaka unyooke, sindano uilaze kiasi gani, pumzi uibane wakati gani. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Mshono wake wa tatu haukuwa na kiputo hata kimoja. Mimi wa kwangu usiokuwa na kiputo niliupata baada ya miezi minne. Kila nilichosema alikiandika kwenye daftari, mwandiko mdogo, safi.

"Kuna kingine, Dada?"

Kilikuwepo kimoja. Ukingo uliopigwa moto hauguswi na dawa. Tunapotengeneza ngao za mashindano tunapitisha moto wa gesi kwenye kingo, upesi upesi, unang'aa kama maji. Ngao haiungwi, kwa hiyo haina neno. Lakini moto ule unaiacha akriliki imekazika kwa ndani, huoni kwa macho, na dawa ikiigusa tu, baada ya saa chache au usiku mmoja, inaachia nyufa nyembamba kama nywele, mamia, na kitu kizima kinakuwa takataka. Baba alilijua hilo kwa kuharibu kabati zima la mteja. Mimi nililijua kwa kufokewa. Halijaandikwa popote.

"Hakuna kingine," nikasema. Wakati ule, kweli, nilisahau tu. Nataka hilo lieleweke. Jumanne nilisahau.

Alhamisi sikusahau. Nilikuwa natoka jikoni na kikombe cha chai, nikasimama mlangoni. Yeye alikuwa amenipa mgongo. Vipande vyake vyote alikuwa amevipanga mezani, vimekatwa vizuri, vimekwanguliwa, na mkononi ameshika bomba la gesi, anatafuta kiberiti. Nikaelewa papo hapo. Alikuwa ameniona juma lililopita nikizing'arisha ngao kwa moto. Aliwasha. Moto ukatoka wa buluu, ukatulia, akaupunguza kama nilivyoupunguza mimi. Akainua kipande cha kwanza, chenye nafasi ya shingo.

Nilikuwa na muda. Hata kama mtu anataka kunitetea, nawaambia nilikuwa na muda wa kutosha. Neno lenyewe ni fupi: acha. Nilifungua mdomo. Nikawaza, tuone. Tuone huyo wa kwake. Nikanywa chai. Nikaiangalia picha ya joho pale juu ya mlango, kisha nikarudi jikoni polepole ili viatu visisikike.

Jioni ile vifuniko vyake vinne vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Vyangu nilivikwangua na kuvisugua kwa kitambaa, safi, lakini vimefubaa kingoni. Vya kwake viliwaka. Baba akakileta kimoja karibu na pua, akapitisha kidole kwenye nafasi ya shingo, akapitisha tena.

"Mama, mkono huu umeutoa wapi?"

"Kwa Dada," akasema. "Vyote nimefundishwa na Dada."

Nikasema naenda kununua chumvi. Chumvi ilikuwepo.

Ijumaa asubuhi nilisikia akiniita. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya mtoto aliyeamka na homa. "Dada. Njoo." Nilikuwa nimekaa kitandani nimeshavaa, nasubiri kuitwa.

Vilikuwa vimepasuka vyote vinne. Kila mshono umezungukwa na nyufa ndogondogo zinazokimbilia katikati, ukivielekeza dirishani zinametameta. Baba alikuwa ameshafika, hazioni, anazitafuta kwa ukucha.

"Nimekosea wapi?" mdogo wangu akaniuliza. Daftari lilikuwa wazi mkononi. "Nimesoma tena yote. Nimekosea wapi, Dada?"

Nikainama, nikakichunguza kifuniko kwa muda mrefu, kama daktari. "Ulipiga moto?"

"Nilipiga. Nilitaka shingo za watoto zisikwaruzwe."

"Na kingo za kuunga?"

"Zote. Nilidhani... zilikuwa zinapendeza. Haifai?"

"Haifai."

"Sikujua."

"Ndiyo maana," nikasema.

Hakulia mbele yetu. Alifunga daftari, akasema ni yeye aliyeharibu na ni yeye atakayekwenda kumwambia Matroni, si haki mwingine afokewe kwa ajili yake. Akavifunga vifuniko vyangu vinne ili akamwonyeshe kwamba nusu ya kazi ipo. Akatoka kwa miguu.

Tukabaki wawili. Baba akakaa kwenye kigoda, akashika tama. Mimi nikaanza kufagia, kitu cha kufanya.

"Fundi," akasema. "Nilikuwa na haraka. Nilidhani ukishasoma kitu, mkono unafuata. Karakana ni yako. Ilikuwa yako siku zote. Mwezi huu nitabadilisha jina kwenye karatasi, mdogo wako atafute kazi ya vitabu vyake."

Ndiyo hayo. Ndiyo maneno niliyoyasubiri tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili. Niliusimamisha ufagio, nikangoja furaha ifike. Lakini Baba hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia mlangoni.

"Amekula huyu mtoto?" akauliza.

"Sijui."

"Hakula. Na hospitali ni mbali. Atakuwa analia njiani. Huyu hajawahi kushindwa kitu tangu azaliwe, hajui kushindwa kunavyokaa. Wewe umeshazoea." Akainama akawa anapapasa chini ya meza. "Viatu vyangu viko wapi? Nimfuate."

Nimeshazoea. Kumbe hata kosa lake linapendwa. Mimi nimepewa karakana nzima, meza, misumeno, wateja, na nimepewa kama mtu anavyosukumiwa sahani ili mwenye kutoa awahi kuondoka. Nilimwonea wivu mdogo wangu pale, analia njiani, amefedheheka, hana kazi. Nilitamani ningekuwa mimi ninayetafutiwa viatu.

"Nilimwona," nikasema.

"Ulimwona wapi?"

"Jana. Anawasha moto. Kabla hajagusa hata ukingo mmoja. Nilikuwa hapo mlangoni na kikombe cha chai."

Baba akaacha kupapasa. Akainua kichwa, akanitazama. Hayo macho yake yanayoona ukungu, aliyakaza mpaka nikahisi yananiona kuliko yalivyoniona yakiwa mazima.

"Ukafanya nini?"

"Nikanywa chai."

"Fundi."

"Usiniite Fundi." Sauti yangu ilikuwa imeshapanda na sikuweza kuishusha. "Nina baba kama yeye. Yeye akikueleza sisimizi unavunjika mbavu. Yeye ni wa kwako. Mimi nimekuunganishia vitu miaka kumi na tisa, hukuwahi kuniuliza hata kichwa kinaumaje. Ndiyo, nilimwona. Nilitaka aharibu. Nilitaka umwone akiharibu."

Feni ilikuwa inazunguka dirishani.

"Wewe sikuwahi kukuhofia," Baba akasema. "Yule nilimhofia kila siku. Atakula nini, ataolewa na nani, atamaliza au hatamaliza. Kwako wewe nilikuwa nalala usingizi. Nilidhani hiyo ni heshima ninakupa."

"Haikuwa heshima."

"Naona." Akasugua magoti yake. "Karakana bado ni yako, sina mwingine mwenye mkono huo. Lakini mimi simwambii. Utakwenda kumwambia mwenyewe, leo, kabla hajafika hapa na kuniomba radhi mbele yako."

Nikavua aproni, nikatoka. Nilitembea barabara ile ya hospitali huku napanga maneno, nayapangua. Nilijiambia nitasema nilisahau, maana Jumanne kweli nilisahau, nusu yake ni kweli. Nilijiambia nitasema Baba ndiye aliyetutia katika mashindano. Nilikuwa na sababu nzuri nne au tano nilipomwona anakuja kwa mbali, upande wa kivuli, mikono mitupu, macho yamevimba.

Aliponiona akakimbia. "Amekubali," akasema, anahema. "Ametupa siku kumi. Vyako amevichukua hapo hapo. Nilimwambia wasivitumie kabla ya siku nne, aviache dirishani. Ana mtoto anahitaji leo, Dada, alikuwa anavitazama tu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe. Nimekuharibia jina lako."

Basi sababu zote zikanitoka. Nikamwambia. Mlango, chai, kiberiti, yote, mpaka lile neno "ulipiga moto?" nililomuuliza huku nikijua. Nilisema nikitazama kola ya gauni lake, sikuweza kutazama juu zaidi.

Hakuutoa mkono wake mara moja. Watu walikuwa wanatupita, mmoja akatusalimu, tukamjibu wote wawili kwa pamoja kama ndugu wanavyojibu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wivu."

"Wa mimi?"

"Wa wewe."

Akafikiri. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao akiwa mdogo, nikimpa hesabu ngumu. Nilingoja anitukane. Ningelipokea tusi lolote, lingenisaidia.

"Ningekuwa mimi ningekuambia," akasema.

Hakulisema kwa hasira wala kwa kujisifu. Alisema tu, kama alivyosema kwamba chupa ni ya kahawia kwa sababu ya mwanga. Nami nikajua ni kweli. Angeniambia. Angekuwa ameachishwa shule, amelea mtoto wa mwingine mgongoni, ameketi chini ya picha ya joho lisilo lake, bado angeweka kikombe chini na kuniambia acha. Shahada niliweza kumwachia, hata kicheko cha Baba ningejifunza kuishi bila hicho. Lakini hilo nilimwonea wivu pale barabarani, na namwonea mpaka leo, kila asubuhi anapovuta kigoda mezani kwangu na kuniuliza kama kuna kingine.